Usukani Uliohama

Katika landrova ile mwenye usukani alikuwa mmoja na mwenye barabara alikuwa mwingine. Papa, kama sote tulivyomwita, alishika usukani. Mke wake, Mama, alishika barabara. Gari lilikuwa limetoka Kongo, ambako magari hupita kulia, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kushoto. Uganda magari hupita kushoto. Papa akiwa nyuma ya lori la ndizi na anataka kulipita, alichoona ni bodi la lori na nyasi za kando ya barabara, basi. Aliyeona kinachokuja mbele ni Mama, kwenye kiti cha kulia, kichwa nje ya dirisha, mkono mmoja umeshika kilemba kisipeperuke.

"Ngoja," alisema. "Ngoja. Basi inakuja. Ngoja tena, kuko baisikeli. Sasa, enda!"

Na Papa alikwenda. Sikuwahi kumsikia akiuliza mara mbili. Nilisafiri nao mara nyingi kutoka Nakivale hadi sokoni Kabingo, nimekaa nyuma juu ya magunia ya maharage, na kila walipopita lori nilifumba macho. Majirani walisema Papa ana mikono na Mama ana macho, na serikali haijui leseni impe nani.

Wao walikuwa wakimbizi, kama karibu wote wa Nakivale. Mimi nilikuwa mzururaji tu. Nilizaliwa upande wa Tanzania, Karagwe, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu ya mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa njiani. Kila asubuhi nilisimama mlangoni kuisikiliza, kila asubuhi nilichelewa, hadi siku moja nikaona heri nisifike kabisa. Mwenye mashine aliniruhusu kuipaka grisi, nami nikajiona nimefaulu mtihani. Baadaye nilipasua mawe, nikauza samaki, nikalinda shamba la mtu dhidi ya nyani. Nilivuka mpaka wa Kikagate siku moja nikifuata lori ambalo mlio wake sikuuelewa, nikakaa Uganda miaka. Nakivale nilifika na mfuko mmoja na spana sita. Papa na Mama walinipa pa kulala kwenye stoo ya maharage, nami nikawa mtu wa kufunga na kufungua chochote kilichokuwa na bolti.

Landrova ilikufa kwa sabuni. Redieta ilikuwa imetoboka, na Papa akaziba tundu kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kama alivyokuwa akifanya kwao Kivu Kusini. Kule sabuni ilishika, alisema. Huku, kwenye kilima cha kwenda Kabingo, na magunia kumi nyuma, iliyeyuka. Povu lilitoka kwenye boneti likamwagika barabarani, na maji yote yakaenda nalo. Papa hakusimama, kwa sababu Mama alikuwa amesema "enda". Tulipofika juu, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Niliifungua. Ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini.

"Haikufa chafu," alisema Mama. "Imeoga."

Papa hakucheka. Gari lile ndilo lililomtoa kwao na familia yake vita vilipoanza, kwa kupitia mpaka wa Bunagana, watoto wamelala juu ya magodoro, na ndilo alilopanga kurudi nalo. Hakuwa mtu wa kuficha mpango huo. Kila Krismasi, baada ya kanisa, alitamka mbele ya wageni: "Nilikuja nikikaa kwa kiti hiki, nitarudia nikikaa kwa kiti hiki." Kiti chenyewe kilikuwa na shimo la umbo lake. Chini ya kitanda alikuwa na boksi la vipuri vya safari: mkanda wa feni, plagi, balbu mbili zilizofungwa kwenye soksi. Plagi zile hazikuwa na kazi tena, injini ikiwa imepasuka, lakini siku ile nilimwona akizifuta moja moja na kuzirudisha.

"Weye Mutanzania," aliniambia, "unapenda kusikiliza mashine ya bantu wengine. Ya kwangu imenyamaza. Ifanye iseme."

Nilikubali kabla sijajua nimekubali nini.

Injini kama ile haikupatikana tena, labda kwa bei ya nyumba. Lakini Mbarara, nyuma ya gereji moja, nilikuta basi dogo la Kijapani lililogongwa likakunjika kama shuka, na injini yake nzima, dizeli, safi. Papa aliilipia kwa fahali wake mmoja. Kazi ilikuwa kuifanya injini ya basi ikubali kuishi ndani ya landrova: kuchonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi, na kuiundia miguu ya kusimamia kwenye fremu. Kwa hayo nilihitaji vipimo, na landrova ilikuwa Nakivale juu ya mawe, nami nilikuwa Mbarara na injini isiyobebeka.

Hapo ndipo nikaona pacha wake. Ilikuwa kwenye nyumba za familia za askari, nje kidogo ya kambi: landrova ya umri uleule, sura ileile, hata kona ya kushoto ya boneti imebonyea vilevile. Haikuwa na injini wala magurudumu. Ilikuwa na kuku.

"Wewe natafuta nini kwa kuku yangu?" aliuliza mwanamke mwenye beseni la nguo.

"Si kuku, mama. Natafuta gari lililo chini yao."

"Gari iko ya bwana. Kuku iko yangu. Ongea na bwana, lakini mayai usiguse."

Bwana alikuwa sajini, makanika wa kambini, mtu mnene mwenye vidole vyembamba. Gari lile alilinunua kwenye mnada, akiapa atalifufua, na mkewe alikuwa akimkumbusha kiapo hicho kila alipookota yai. Nilimweleza shida yangu. Aliondoka nami hadi gereji, akaizunguka injini ya basi mara tatu, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha jeshi:

"Hii injini na ile gari, hizi iko ndugu?"

"Si ndugu, afande. Ni wachumba."

"Kale," alisema, yaani sawa. "Basi tufanye harusi."

Kupima ninapima kwa kamba ya mgomba. Nilijifunza kwa seremala mmoja wa Karagwe: unavuta ukanda wa gome kavu, unafunga fundo palipo na tundu la bolti, fundo jingine palipo na ukingo wa fremu, unakunja, unatia mfukoni. Kamba haina namba, kwa hiyo huwezi kukosea namba. Sajini, aliyekuwa na rula ya chuma na kalamu mfukoni, alicheka, kisha akapima kwa rula yake, na tulipolinganisha tulikubaliana kila mahali. Tulipima kila upande wa pale injini inapokaa. Tulihamisha viota viwili kwa heshima kubwa. Tulifanya kazi karibu wiki tatu, jioni zake zote za mapumziko, na mwisho tukaisukuma injini ile ya basi ndani ya landrova ya kuku ili tujaribu. Iliketi kana kwamba imezaliwa humo. Sajini aliipigia saluti. Mkewe, ambaye usukani wa gari lile alikuwa ameufungua zamani na kuutundika ukutani aanikie soksi, alitoka kutazama, akasema kumbe mume wake anaweza kumaliza kitu.

Tuliipeleka injini Nakivale kwenye pikapu ya mtu wa ndizi, sajini akiwa ameomba ruhusa ya siku mbili. Nusu ya kanisa ilikuwa inatungoja. Tulisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, tukafunga mnyororo, tukainyanyua injini hadi ikaning'inia juu ya gari. Papa alivua kofia. Hakuna mashine iliyoanza kazi kwake bila maombi, na maombi yale yalikuwa marefu. Yalianza na Nuhu na safina yake, yakapita Misri, na mimi mikono ikiniuma kwenye mnyororo nilitamani tufike Nakivale upesi. Walipoitikia amina, nilishusha.

Ilishuka vizuri, taratibu, kwenye mstari. Kisha ikagonga chuma, ikakwama juu ya miguu yake.

"Shusha," alisema sajini.

"Imefika."

"Haijafika. Shusha."

Niliingiza kichwa. Upande wa kulia palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kulala. Upande wa kushoto, chuma kizito kinachopokea moshi kutoka kwenye injini kilikuwa kimekalia nguzo ya usukani, pale pale inapopita kwenda chini kwenye magurudumu. Nilitoa kamba zangu mfukoni nikapima. Mafundo yalikuwa sahihi. Nikapima tena. Ndipo nikanyanyua macho nikamwona Papa, amesimama kando ya mlango wake. Mlango wa kushoto.

Ile ya kuku usukani wake ulikuwa wa kulia. Lilikuwa gari la Uganda. Nguzo yake ilikuwa kulia, kushoto pako wazi, na injini ya basi la Kijapani nayo imeundwa kwa usukani wa kulia. Sajini maisha yake yote hajaendesha gari la usukani wa kushoto. Yeye ana udhuru. Mimi nilikuwa nimesafiri nyuma ya kilemba cha Mama mara zisizohesabika, nikifumba macho, nikijua vizuri kwa nini nafumba.

"Banange, jamani," alisema sajini polepole. "Hii gari tunaiona kwa kioo."

Aliyecheka kwanza ni Mama. Alicheka akakaa chini, akajifuta macho kwa kanga. "Bamepima ya kuku!" alisema. "Bantu wawili wazima, na rula, na kamba!" Kanisa lote likamfuata, na sajini, na mwisho mimi, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Papa peke yake aliinama kuitazama nguzo ya usukani.

Nilimweleza. Injini lazima ilale sawa na giaboksi, haiwezi kusogea. Chuma cha moshi hakigeuki. Kinachoweza kuhama ni usukani. Waliotengeneza landrova za zamani waliziuza nchi za kila namna, kwa hiyo fremu ina matundu pande zote mbili, tayari. Vifaa vya upande wa kulia viko Mbarara chini ya kuku. Ni kazi ya siku mbili.

"Unasema nikae kulia," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Kwetu nani anakaa kulia?"

Nilijifuta grisi mikononi.

"Kwetu ukikaa kulia, weye ni abiria," alisema. "Siwezi kurudia kwetu kama abiria." Akageukia gari. "Funga boneti."

Boneti haikuweza kufungwa, injini ikiwa imejitokeza juu, kwa hiyo aliifunika kwa turubai, akaingia ndani.

Sajini alirudi kambini. Siku tatu zilipita. Ulikuwa msimu wa maharage, na majirani waliozoea kuleta magunia yao kwa Papa sasa walikuwa wanayafunga kwenye bodaboda, gunia moja moja, yakining'inia. Walimsalimia kwa adabu wakipita. Yeye alikaa kizingitini akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Nimekimbia kazi nyingi maishani. Najua jinsi inavyofanyika: unafunga mfuko mchana kweupe, kama mtu anayekwenda dukani. Siku ya tatu niliufunga. Nikatoka nikafika kwenye turubai, nikasema niitazame kidogo, nikalinyanyua. Injini ile sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimeichonga, nimeibeba, nimeiombea hadi Misri, na mlio wake siujui. Nilisimama pale na mfuko begani, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi.

"Unaenda wapi na mufuko?" Mama alikuwa nyuma yangu, jembe begani.

"Dukani."

"Na spana zote?" Alinitazama. "Weka chini. Kuja."

Alikwenda moja kwa moja hadi kizingitini, nami nikimfuata kama shahidi. Jirani wawili walikuwa uani. Hakuwajali.

"Baba watoto," alisema, "kutoka hapa mpaka Kabingo, kuko nini kando ya njia?"

Papa alinyanyua uso. "Nini?"

"Nauliza. Kuko nini?"

"Kuko... migomba. Kuko ile nyumba ya bati nyekundu. Ng'ombe za pembe kubwa kwa kile kilima. Yule mama anaanika mahindi."

"Mama gani?"

"Yule wa mahindi! Kila siku iko pale."

"Miye simujui," alisema Mama. "Miaka hii yote weye unaangalia migomba, miye naangalia malori. Nayajua malori yote ya Isingiro, na meno ya madereva wao. Ile nyumba ya bati nyekundu sijaona hata siku moja. Nimechoka, Papa. Uangalie malori weye. Miye nataka kuona ng'ombe."

Jirani mmoja alishindwa kujizuia, akapiga makofi. Nilimwona Papa akifikiri, na nilimwona akianza kucheka kabla hajataka, mabega kwanza.

"Kweli haujaona bati nyekundu?"

"Fasi gani ningeiona? Kichwa kiko nje, upande mwingine!"

Alicheka hadi maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo. Kisha akalitazama turubai, akanigeukia mimi.

"Yale matundu ya kushoto. Utayaziba na moto?"

"Watu huyachomelea, Papa, maji yasiingie."

"Usichomelee. Ifunike tu. Siku ile, nitahamisha tena."

"Nitafunika kwa mpira," nilisema. "Utafungua kwa spana moja."

"Na kiti changu kinahama na miye."

Nilikwenda Mbarara siku hiyohiyo. Sajini alikuwa ameshafungua kila kitu; alisema alijua, mwanamke aliyecheka vile hashindwi. Usukani wenyewe tuliupata kwa gunia moja la maharage, kwa sababu mke wa sajini alitaka kujua soksi za jeshi ataanikia wapi. Kuku walihamishwa mara ya tatu, na tangu hapo, mke huyo aliniambia baadaye, hawakutaga wiki nzima kwa kutuchoka.

Kazi ilichukua siku mbili kama nilivyosema, na ya tatu ya kutafuta bolti moja iliyoangukia majanini. Kipande cha mpira wa tairi nilikikata, nikayapaka grisi matundu ya kushoto, nikakifunga juu yake kwa bolti nne. Viti tulivibadilisha. Papa aliketi kwenye shimo lake, upande wa kulia, akashika usukani wa sajini, akaonekana kama mtu aliyevaa koti la ndugu yake. Aliomba, kwa ufupi safari hii. Akawasha.

Sijui niuelezeje mlio ule. Ulikuwa wa basi, unaojua vituo, lakini ukitoka ndani ya kifua kikubwa kuliko ulichozoea. Turubai lilitetemeka kwenye nyasi. Nililia kidogo, nikasema ni moshi.

Tulikwenda Kabingo na magunia kumi, nami juu yake. Kwenye kilima tulikuta lori la ng'ombe. Papa alisogea katikati ya barabara, na kwa mara ya kwanza aliona mwenyewe: barabara nyeupe, tupu, hadi juu. Hakwenda. Alikaa nyuma ya lori, akingoja. Upande wa kushoto kichwa cha Mama kilikuwa tayari nje ya dirisha, mkono umeshika kilemba.

"Ngoja," alisema, akiwatazama mbuzi wawili. "Ngoja. Sasa, enda!"

Na Papa akaenda.

Baadaye kidogo nilisikia akimwuliza, macho yake yakiwa mbele: "Yule mama wa mahindi, iko?"

"Iko. Ana nguo ya kijani. Anatupungia."

"Mupungie na miye."

Niliondoka Nakivale baada ya mavuno. Kulikuwa na kinu cha maji upande wa Kikagate ambacho watu walisema kinazunguka kinyume. Ilipita miaka kabla sijapita tena Kabingo. Siku ya soko niliusikia mlio ule kabla sijaliona gari, na nikaufuata hadi nyuma ya vibanda vya nguo. Lilikuwa limepakwa rangi upya. Papa alikuwa ameingia sokoni. Nilifungua boneti bila ruhusa, kama ilivyo tabia yangu, na baada ya kuisalimia injini nilitazama kushoto. Kipande changu cha mpira kilikuwepo. Nilifungua bolti moja kwa vidole, nikakinyanyua. Nilitegemea kutu. Matundu yalikuwa safi, na nyuzi zake zimejaa grisi, laini, ya njano. Si yangu. Grisi yangu ingekwisha kuwa nyeusi zamani; hii ilipakwa na mtu anayeingoja siku ile.

Nilirudisha mpira, nikakaza bolti.

"Weye Mutanzania," sauti ya Mama ilisema kutoka kiti cha kushoto. "Kwanza salamu. Pili, shusha hiyo boneti. Nilikuwa naangalia bantu."